Nyimbo za Kupura Ulezi

Asteria alianza kumwogopa mumewe asubuhi ile alipomkuta jikoni ameshika mpini wa jembe, akimuuliza ameingiaje nyumbani kwa watu. Walikuwa wameishi hapo Mjimwema tangu Alois akiendesha lori la majani ya chai Lupembe, na hakuwahi kumwinulia mkono. Sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemteka, mke wake mwenyewe hamjui.

Muuguzi wa kliniki akamshauri ampigie nyimbo alizozipenda zamani, kwa kuwa nyimbo hubaki hata majina yakipotea. Asteria akafungulia kwaya za kanisani kwenye simu. Ukaja wimbo ulioimbwa walipomzika mtoto wao, Faustine. Alois akainuka, akasema mtoto yuko nje peke yake, akachomoka bila koti na kupotelea kwenye ukungu. Walimpata jioni barabara ya Makambako, nyayo zinavuja damu, bado anamwita Faustine.

Tangu hapo Asteria akawa anaogopa nyimbo, anashtuka hata mpita njia akipiga mluzi. Lakini na ule mpini aliuogopa, maana Alois alikuwa halali bila kuukumbatia. Akamwomba jirani amwangalie Alois, akaenda Makambako kwa wifi yake, Fidelia, kumuuliza kaka yake aliimba nini kabla hajaoa, kabla hajazika mtoto. Fidelia alifikiri sana, kisha akamrekodia kwenye simu nyimbo za Kibena walizoimba utotoni wakipura ulezi.

Kesho yake Asteria alisimama mlangoni mwa chumba, mguu mmoja nje. Akabonyeza simu. Alois akageuka na mpini mkononi. Alisikiliza kwanza, amekunja uso, halafu akaanza kuitikia kwa sauti nzito, na mpini ukamteleza ukaanguka sakafuni. Akakubali kuoshwa vidonda.

"Wewe ni nani?" akauliza taratibu.

"Asteria."

"Mke wangu naye anaitwa hivyo. Ukimwona mwambie arudi. Humu ndani naogopa peke yangu."

Asteria aliendelea kumwosha. Hakuwahi kufikiri kwamba Alois naye anaogopa.

Siku nyingine wimbo haumgusi, na Asteria hurudi nyuma akafunga mlango. Kila asubuhi huupiga kabla ya kuingia, akatega sikio kama ataitikia.