Nilivyompumzisha Mama

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na marehemu baba yako anisamehe. Kaa hapo kwenye kigoda. Jana uliniambia nimezeeka, ng'ombe apelekwe kwa watu, mimi nihamie kwako Dar es Salaam, niwe nakula na kulala tu. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa naikumbuka asubuhi hiyo.

Nilikuwa karani mjini Moshi, nimepanga chumba Rau, nina viatu vya kisigino, najiona kweli kweli. Mama alikuwa huku huku juu mlimani, kwenye kihamba hiki, kwenye migomba na mibuni hii unayoiona. Alikuwa mjane, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefugwa bandani, jina lake Malkia. Kila siku alimtafutia majani, akamkatia na vigogo vya migomba. Basi siku moja wenzangu wa ofisini wakamwona akitoka sokoni Kiboriloni na mzigo wa mabua kichwani, wakaniuliza kama yule si mama yangu. Niliona aibu, mwanangu. Nasema kama ilivyokuwa: huruma ilikuja baadaye, aibu ndiyo iliyotangulia.

Jumapili ile nikapanda nyumbani. "Mama, umechoka?"

"Nimechoka," akasema.

Mimi hilo likanitosha. Wiki haikuisha nikaleta mnunuzi. Mama alimshikia Malkia kamba mpaka barabarani, akamkabidhi, akarudi ndani. Nikamnunulia kopo kubwa la maziwa ya unga, nikashuka mjini najisifu kwamba nimempumzisha mama yangu.

Hapo ndipo mambo yaliponishangaza. Kila nilipokuja na kopo jingine, Mama alikuwa amepungua. Anakula vijiko viwili vya mtori, anaweka bakuli chini. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia huku macho yakiwa kwingine. Nikamwuliza kama tumbo linamsumbua, kama jirani amemuudhi, kama anamwota baba. "Niko salama, mwanangu," basi. Nami tangu utotoni sikubali jambo linipite bila kulijua, hapo umenirithi. Nikafungua kabati lake kwa siri. Makopo yangu yote ya maziwa yalikuwa yamepangwa humo, hata moja halijafunguliwa. Ala! Sasa chai anakunywa na nini?

Nikaomba ruhusa kazini, nikaja kulala kwake. Alfajiri nikamsikia anavaa mabuti. Nikamfuata polepole migombani, umande unanilowesha gauni. Alikuwa amebeba majani mabichi. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yetu, Mama Eliamani, akaingia bandani na kuanza kumlisha ng'ombe wake. Mara wakaja majirani na chupa zao kuchukua maziwa. Mmoja anasimulia mjukuu kaota jino, mwingine anailalamikia mvua. Mzee mmoja akaeleza alivyosinzia kanisani akaamka anaimba peke yake, na Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Jamani, kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu Malkia aondoke, wala sikuwa nimegundua kwamba kimepotea!

Nikalia pale pale nilipojificha. Mama akageuka.

"Toka huko migombani, siafu watakuuma."

Tukarudi pamoja. Nikamwambia, "Mama, si ulisema umechoka?"

"Nilichoka kweli, ningekudanganya? Lakini hukuniuliza kama nataka kuacha." Akatembea kidogo. "Watu wale walikuwa wanakuja kwangu. Kila asubuhi nilikuwa na wa kumpimia maziwa na wa kucheka naye. Sasa mimi ndiye ninayekwenda kwa watu."

Siku ile ile nilishuka kumtafuta mnunuzi. Malkia alikuwa ameshauzwa mbali, hakuna aliyejua wapi. Hilo sikuweza kulirekebisha, na linaniuma mpaka leo. Mama Eliamani ndiye aliyetuonea huruma, akatupatia ndama jike tumlee. Kila Jumamosi nilipanda kumkatia majani, visigino nimeviacha Rau. Ilichukua zaidi ya miaka miwili mpaka akazaa na kukamuliwa, na asubuhi hiyo Mama aliosha vikombe vyote vya nyumba hii, hata vile vya wageni, kabla jirani wa kwanza hajabisha hodi.

Ng'ombe unayetaka kumpeleka kwa watu ni wa uzao wa ndama yule.

Mwanangu, ukitaka kumpumzisha mzazi, ulizia kwanza kinachomwamsha asubuhi. Na wewe mwenyewe usingoje uzee ndipo ujiulize. Angalia nani anapita mlangoni kwako, nani anakuchekesha, nani anakungoja na sufuria ya chai. Vitu vidogo hivyo havipigi kelele vinapoondoka, ndiyo maana mimi sikuvisikia.

Jana uliniuliza kama nimechoka. Nimechoka, magoti haya yanajua. Leo niulize na lile swali la pili, nami nitakujibu kweli. Lakini chukua panga kwanza, tukakate majani huku tunaongea, ng'ombe hajala. Na Mungu akujalie, mwanangu, mlango unaobishwa hodi kila asubuhi, na usikose hata siku moja cha kummiminia anayebisha.