Eduviges Haiamini Damu Peke Yake

Saa moja asubuhi, kabla chai haijachemka, Eduviges Zurita anatoa kipande cha moyo wa mtu kwenye friji ya maabara. Ni kidogo kama kidole gumba, kimegandishwa ndani ya nta nyeupe. Anakifunga kwenye mashine ya kukatia, kisha anakisemesha.

"Samahani, ndugu. Ni mara moja tu."

Anazungusha mkono wa mashine. Nta inatoka kama utepe, nyembamba hata pumzi ingeipeperusha, naye anaipokea kwa kibanio bila kuikunja.

Eduviges, 52, aliishia darasa la sita. Aliingia katika maabara hii ya Cochabamba, Bolivia, kama mfagiaji miaka kumi na tisa iliyopita. Leo analipwa boliviano 2,900 kwa mwezi. Daktari Ninoska Vía, anayechunguza vimelea vya ugonjwa wa Chagas, anasema hajaona mkono mwepesi kama wake.

Nyama anazokata ni za marehemu ambao familia zao ziliridhia. Hapewi majina, ni namba tu. Ndiyo maana kila Novemba, sikukuu ya wafu inapofika, huwaokea mikate yenye sura ya mtu, mmoja kwa kila namba.

"Mwaka jana ilikuwa thelathini na miwili," anasema. "Jirani akaniuliza kama nimefiwa na ukoo mzima."

Chagas anaijua tangu utotoni kwao Mizque. Vinchuka, mdudu mnyonya damu, alijificha kwenye nyufa za ukuta wa udongo. Usiku anakuuma, anaacha kinyesi chake hapo hapo, nawe ukijikuna unajiingizia vimelea kwa mkono wako mwenyewe, navyo huula moyo taratibu kwa miaka. Mama yake alianguka shambani akivuna vitunguu, hakuinuka tena. Eduviges mwenyewe anavyo, na alimzaa binti yake wa pekee, Noemí, kabla hajajua.

Jambo kubwa alilojifunza kazini, alijifunza kwa kosa lake. Miaka mitano iliyopita Daktari Ninoska alitaka moyo na utumbo wa mwanamume mmoja wa miaka 41, ajue vimelea vya kila sehemu ni vya ukoo gani. Majibu yakaja yamechanganyika, hayaeleweki. Daktari akakuna kichwa wiki mbili. Mwishowe Eduviges akamfuata, mikono mifukoni mwa aproni.

"Daktari, wembe ulikuwa mmoja."

"Kwa vyote viwili?"

"Niliupangusa. Nyumbani kisu cha kitunguu ndicho cha nyama. Niliona bado mkali, nikasema ni dhambi kuutupa."

Daktari alicheka mpaka akatafuta kiti. Wakarudia, kila nyama na wembe wake. Safari hii moyo ulikuwa na ukoo mmoja wa vimelea, na utumbo ukoo mwingine. Mtu mmoja, wapangaji mbalimbali, kila mmoja na chumba chake. Na karatasi za marehemu zilionyesha kwamba miaka mitatu kabla ya kifo, vimelea vilitafutwa kwenye damu yake visionekane.

"Damu ni barabara," anasema Eduviges. "Ukikuta barabara tupu, utasema mji hauna watu?"

Mwezi Mei mwaka huu maneno hayo yaligeuka ugomvi nyumbani kwake. Noemí, 23, anayeolewa Desemba, alipima. Kipimo cha kwanza kilisema ameambukizwa. Cha pili, cha kutafuta vimelea vyenyewe damuni, hakikuona kitu. Daktari akamwandikia vidonge vya siku sitini, avimalize kabla hajashika mimba, asije akamrithisha mtoto. Lakini Noemí alimwahidi Bikira Maria wa Urkupiña kucheza ngoma ya tinku kwenye sikukuu yake miaka mitatu mfululizo, na Agosti hii ndiyo ya tatu. Dawa ile inaweza kutoa vipele, na pombe haiguswi.

"Mama, havikuonekana. Umesikia?"

"Vya yule ndugu yangu wa namba navyo havikuonekana."

"Sasa unanifananisha na maiti?"

"Nakufananisha na mtoto wa tumbo langu."

"Basi nitameza baada ya ngoma."

"Baada ya ngoma harusi, baada ya harusi mimba, na mjamzito hapewi dawa hiyo. Utameza lini, ukiwa bibi?"

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzazi mwenye binti aliyeambiwa "hakijaonekana kitu" asilale usingizi kwa maneno hayo. Arudi amuulize daktari kimetafutwa wapi.

Eduviges hakulala. Aliomba ruhusa, na ilipopatikana Juni akamleta Noemí maabarani, akamkalisha mbele ya darubini. Ndani ya nyuzi za moyo wa yule ndugu wa namba, vimelea vilikuwa vimejazana kama mayai ya samaki. Noemí alitazama muda mrefu.

"Alikuwa na watoto?" akauliza.

"Namba haisemi, mwanangu."

Kesho yake alianza vidonge.

Sasa yuko siku ya kumi na tisa. Vipele vimemtoka mikononi, daktari anamwangalia kila wiki, naye anaenda mazoezi ya ngoma amevaa blauzi ya mikono mirefu. Wenzake wakimimina chicha, pombe ya mahindi, humtania: "Mpisheni mtawa apite." Yeye huinua chupa yake ya maji.

Jioni, Eduviges humsimamia mezani.

"Fungua mdomo."

"Mama, mimi mchumba wa mtu."

"Huyo mchumba hajui unavyoficha vidonge chini ya ulimi. Mimi nakujua tangu una miaka minne. Fungua."

Noemí anafungua, anatoa ulimi wote nje, na kuuchezesha makusudi.

Kidonge cha mwisho kitaangukia tarehe tisa Agosti, siku tano kabla ya ngoma. Eduviges ameshaomba likizo. Anakusudia kutembea kandokando ya wachezaji njia nzima, akimbebea binti yake maji.