Barua Iliyobandikwa Mlangoni

Ignace aliujua mvuke tangu ujana wake, katika karakana ya reli huko Likasi, Kongo. Alipofika Johannesburg hakuna aliyemuuliza habari za mvuke. Alilinda magari Hillbrow miaka minne, mpaka Elisée, mzee wa kanisa waliyesoma naye darasa moja, alipomwambia kwamba kanisa la mawe la Bellevue lina bwela chakavu chini ya sakafu na linatafuta mtunzaji.

Bwela lile liliwazidi umri waumini wote. Lilichemsha maji kwa makaa ya mawe, maji yakapita katika mabomba chini ya viti na kulipasha kanisa joto. Ignace alilihudumia miaka kumi na mmoja. Likivuja, alichonga vipuri mwenyewe, maana madukani havikuwepo tena. Juni, baridi ilipopenya mifupani, akina mama walivua makoti kanisani.

Mwaka 2017 baraza likaamua kuweka mtambo wa umeme. Ignace hakupinga, makaa yalikuwa yakimkoholesha. Elisée, aliyezoea kumwita kwa jina la bintiye, akamletea daftari.

"Papa Chloé, andika kila ulichotengeneza, tangu mwanzo. Mafundi wanahitaji. Na mtambo mpya utauchunga wewe, nani mwingine?"

Ignace akaandika wiki mbili, hakuficha hata kiraka kimoja.

Kwa kuwa jengo ni la kale na linalindwa na sheria, maombi ya kibali cha kung'oa bwela yalibandikwa mlangoni, ayasome apendaye. Mkewe, Victorine, ndiye aliyeyaona kwanza. Barua ilisema kwamba bwela limeharibiwa kabisa na "viraka vya mtu asiye na ujuzi", na ushahidi ni daftari. Chini palikuwa na sahihi ya Elisée.

Ignace alimkuta akipanga vitabu vya nyimbo.

"Uliniomba daftari ili uninyonge nalo?"

"Ni maneno ya karatasi tu," Elisée akasema bila kumtazama. "Tusingesema limeharibiwa, serikali isingeturuhusu kuling'oa. Na jina lako sikuliandika."

"Mtunzaji ni mmoja, Elisée. Nani hatanijua?"

"Eish, usilikuze jambo, ndugu yangu."

"Na mtambo mpya?"

Elisée akakohoa. "Kampuni itauchunga yenyewe. Baraza linasema aliyeharibu bwela hawezi kupewa mtambo mpya."

Siku ya kung'oa, wazee wa baraza walishuka kutazama. Nomsa, fundi mkuu, alilifungua bwela, akapitisha kidole kwenye kipuri kimoja, akauliza nani amekichonga.

"Mimi," Ignace akajibu.

"Kazi safi. Hili lingeenda miaka kumi zaidi."

Ignace akamgeukia Elisée. Alingoja neno moja tu, mbele ya wazee wale. Elisée akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Nomsa alimwandikia ushahidi kwa mkono wake. Baraza likausoma, likashukuru, likauweka kwenye faili. Barua ya Elisée haikubadilishwa. Ignace akarudisha funguo.

Sasa analinda geti huko Observatory, na Jumapili anasali kwingine, katika chumba cha mabati, akiwa na koti. Victorine alibaki Bellevue na kwaya yake, wala Ignace hakumkataza. Ignace akikutana na Elisée kwenye robot, wakisubiri taa za barabarani ziwaruhusu kuvuka, Elisée humpungia mkono. Ignace huitikia, kwa kuwa alilelewa hivyo, na haongezi neno.