Ngamia Aliyekatazwa Maji

Saa mbili asubuhi, na bati tayari limeanza kiburi. Ukiligusa kwa kidole linakujibu.

Katika uwanja wa nyuma wa kliniki ya figo, mwanamume wa miaka hamsini na mbili amekaa kwenye kigoda, amepakata kipande cha bati mapajani kama babu aliyepakata mjukuu mkorofi. Anakikunja taratibu kwa nyundo ya mbao kiwe gata, ule mfereji unaokinga maji ya mvua chini ya paa. Akigonga kidogo anatulia, anainua shingo, anasikiliza. Juu ya jengo, shemeji yake anatembea na mfuko wa misumari kiunoni.

"Shemeji, kanyaga kwenye mbao!" anapaza sauti. "Hilo ni paa, si godoro la kwenu."

"Godoro la kwetu ndilo lililomlea mkeo," sauti inarudi kutoka juu. "Wewe kunja bati, maneno waachie wenye figo."

Watu wawili waliokuwa wakipita na ndoo wanasimama kwa mshtuko. Mwenyewe aliyetukanwa anacheka hadi nyundo inamponyoka. Pembeni, kwenye kivuli cha ukuta, mkewe amekaa na jagi lililofunikwa sahani. Yeye ni dada wa aliye juu na mke wa aliye chini, kwa hiyo katika vita hivi hana namna ya kushindwa.

Mafundi wote wa mabati wa eneo hili wanamwita Ngamia. Jina hilo alilipata kwa jasho, na kwa maana halisi ya neno hilo. Leo anatengeneza gata la kliniki ambayo humsafisha damu kila Jumanne na Ijumaa, kwa sababu figo zake mbili zimestaafu kabla yake. Kazi hii haiwezi kungoja. Mabomba ya maji yanakauka, na mashine za kusafisha damu hazifanyi kazi bila maji. Mvua ikinyesha kabla gata halijakamilika, maji yote ya paa yatamwagika ardhini kama miaka yote. Na likifika tena lile juma la bomba kukauka, Ngamia anajua kitakachomfika. Kimeshamfika mara moja.

Ili kuelewa mtu huyu amefikaje hapa, ni lazima kwanza kuielewa Sheria ya Paa.

Sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini inaheshimiwa kuliko sheria nyingi zilizoandikwa. Inasema hivi: fundi akishapanda, hashuki mpaka kofia ya paa, lile bati la kileleni, ifungwe. Anayeshuka kunywa maji, au kuyarudisha maji yalikotoka, anaitwa "bibi harusi" mpaka nyumba ile iishe. Wenzake humpigia vigelegele akishuka ngazi. Humtandikia mfuko wa saruji chini apite juu yake. Wapo mafundi wenye ndevu zao na wajukuu wao ambao wameolewa mara tatu kwa msimu mmoja.

Ngamia hakuwahi kuolewa hata mara moja.

"Nilikuwa nakunywa kikombe cha chai asubuhi, basi," anasema, na ndani ya sauti bado kuna kajivuno ambako ugonjwa haujaweza kukatoa. "Kutwa nzima niko juu. Nashuka jioni midomo imepasuka kama tope la bwawa lililokauka. Vijana wanasema, huyu si mtu, huyu ni ngamia. Nikaona nimepewa cheo."

Wakati anaanza kazi, akiwa na miaka ishirini, bati lilishikika kwa mkono mtupu hadi karibu na adhuhuri. Mafundi waliweza hata kulala kidogo juu yake. Miaka ikapita, na jua likazidi ukali bila kumshauri mtu. Majira ya baridi yakafupika, majira ya joto yakajiongezea miezi. Siku hizi, kufikia saa tatu, mkono ukigusa bati unaruka wenyewe. Lakini Sheria ya Paa haikubadilika. Jua lilipanda daraja, mafundi wakabaki na kikombe kilekile cha chai.

Na mgongo ulipouma, kulikuwa na dawa. Kila fundi alikuwa na vidonge vya maumivu mfukoni, pamoja na misumari. Ngamia alivimeza vikavu, bila maji, kwa sababu maji yalikuwa chini na yeye alikuwa juu.

"Alikuwa anavitafuna kama karanga," mkewe anasema. "Nikimuuliza, ananiambia mgongo ni wangu. Nikamwambia sawa, mgongo ni wako, lakini mume ni wangu."

Daktari wa kliniki ni mpole katika hukumu. Anasema hawezi kulishtaki joto peke yake. Lakini jasho jingi, maji kidogo na vidonge vile, mwaka baada ya mwaka, ni mzigo ambao figo huubeba kimyakimya mpaka siku zinapouangusha. Anasema anawaona wengi wa aina hiyo: wafyatua matofali, wakata miwa, wachimba mitaro, watu ambao ofisi yao ni jua.

Figo za Ngamia ziliangusha mzigo miaka mitatu iliyopita, akiwa juu ya paa la duka la viatu. Alivimba miguu, akapoteza pumzi, akashushwa kwa kamba. Hakuna aliyempigia vigelegele.

Kisha ukaja mzaha ambao hata yeye anakiri ni mzuri, ingawa anaona aliyeutunga angemtafuta mtu mwingine. Mtu aliyekataa maji kwa miaka thelathini kwa hiari yake, sasa amekatazwa kwa amri, na sasa ndipo anayatamani. Figo zisipofanya kazi, maji hayana mlango wa kutokea. Yanabaki mwilini, yanajaa miguuni, yanapanda hadi mapafuni. Kwa hiyo anaruhusiwa vikombe vitatu kwa siku, ukihesabu na chai, ukihesabu na mchuzi.

Vikombe hivyo viko chini ya mamlaka ya mkewe, ambaye mtaani wameshampa cheo: Waziri wa Maji. Kikombe cha asubuhi kinaletwa kwa heshima zote. Kinakabidhiwa kwa mikono miwili. Kinanywewa kwa mafunda madogo huku serikali nzima ikitazama.

"Juzi nimemkamata nyuma ya jiko na tikiti," anasema Mheshimiwa Waziri.

"Tikiti si maji," Ngamia anajitetea. "Ni tunda."

"Tunda linalovuja mpaka kwenye kiwiko?"

"Mke wangu, hata wewe ukikamuliwa utatoa kitu."

Tikiti lile lilisema lenyewe kesho yake, kwenye mzani wa kliniki. Kila mgonjwa hupimwa uzito kabla ya kulala kitandani, na kila kilo iliyozidi ni maji yaliyoingia kwa njia zisizo halali. Muuguzi alitazama namba, akamtazama Ngamia, akatazama tena namba. "Baba," akamwambia, "leo tumekuja wangapi?"

Kwenye mkono wake wa kushoto kuna uvimbe kama kamba nene chini ya ngozi. Hapo madaktari waliunganisha mishipa miwili ili sindano za mashine zipate damu ya kutosha. Mkono huo hauruhusiwi kubeba mzigo, na ndiyo maana Ngamia hapandi tena ngazi. Ukiuwekea sikio unasikika ukivuma, kama jokofu la jirani. Kila asubuhi, kabla hajamwambia neno, mkewe anauwekea sikio. Ukivuma, njia ya damu iko wazi. Siku moja alisikiliza muda mrefu kuliko kawaida, na Ngamia akapatwa na hofu.

"Vipi, mkono umenyamaza?"

"Unavuma," mkewe akajibu, sikio bado liko pale. "Nimependa tu kukaa."

Kipato kimeshuka hadi chini ya nusu ya kile cha zamani. Anakunja magata na kutengeneza masufuria ya bati akiwa amekaa, katika siku ambazo mwili haujachoka. Shemeji yake amerithi kikosi cha paa. Maisha, kwa hesabu zao, yalikuwa yanakwenda.

Mpaka ikafika ile Ijumaa ya mwezi uliopita.

Mvua za msimu uliotangulia hazikuwa zimekuja. Bwawa lilishuka, maji ya bomba yakawa ya mgawo. Mgonjwa mmoja, kwa saa nne za kulala kitandani, anahitaji zaidi ya lita mia moja za maji yaliyochujwa, na kuyachuja kwenyewe kunamwaga mengine mengi. Siku hiyo bomba lilikoroma, likatema hewa, likanyamaza. Mashine zikaanza kulia. Ngamia alikuwa amemaliza saa moja na nusu tu alipotolewa sindano.

Jumamosi alikuwa hawezi kulala chali. Jumapili alikaa mlangoni kwenye kiti, ameinama mbele, akivuta hewa kama mtu anayeivuta kwa kamba kutoka kisimani. Nje jua lilikuwa limekausha kila kitu, hata majani ya uani.

"Nchi nzima haina maji," anasema polepole, "na mimi nazama."

Ni mara ya kwanza asubuhi hii hakuna anayetania.

Mkewe alikwenda mlango kwa mlango kutafuta gari. Walimfikisha kliniki saa ileile lori la maji lilipokuwa linaingia getini, na muuguzi akamlaza wa kwanza. Jumatatu asubuhi alikuwa amepungua kilo nne, na amepata tena ulimi. Akiwa amelala pale, akatazama dirishani, ukingo wa paa. Jengo refu, bati zuri, mteremko mzuri. Na hakuna gata hata moja.

Akamwita fundi wa mashine. Fundi wa mashine akacheka kwa uchungu: alikuwa ameliomba gata hilo tangu mwaka juzi, na kila mwaka jibu lilikuwa subira. Matangi mawili ya akiba yalikuwepo tayari, matupu, yakisubiri. "Ya paa tutafulia mashuka na kuoshea vyoo," alieleza, "ili tone lolote la bomba liende kwenye mashine. Ikibana sana, hata hayo ya paa tutayachuja."

"Basi subira imekwisha," Ngamia akasema. "Mimi nitakunja. Shemeji atapanda. Mabaki ya mabati tunayo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba asubuhi hii shemeji na wenzake wawili wako juu, siku yao ya mapumziko, wakifunga vipande vya mwisho. Sasa ni saa nne kasoro. Joto linatetemeka juu ya bati kama moshi usio na moto. Ngamia ameacha kugonga. Anawatazama walio juu, na uso wake umebadilika.

"Wamekunywa saa ngapi?" anamuuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Tangu wapande? Hawajashuka."

"Shemeji!" anaita. "Shuka unywe maji."

"Tumebakiza vipande vinne!"

"Shuka."

"Unataka niolewe nikiwa na watoto watano?" Wale wawili wanacheka huko juu.

Ngamia anatafakari. Kuwaambia habari za figo hakusaidii. Wanazijua, na kila mmoja anaamini figo zake ni za chuma. Anasimama kwa shida, anakwenda chini ya gata lililokwisha kufungwa, anafumba jicho moja kama fundi anayepima, na kuguna kwa nguvu.

"Wewe shemeji. Gata limepinda. Maji yatasimama katikati."

Shemeji anachungulia ukingoni. "Limepinda wapi?"

"Hapa. Aibu tupu. Shukeni wote mje muone, maana mkiambiwa mnabisha."

Ukimtukana fundi atakujibu. Ukimtukania kazi yake, atashuka. Wote watatu wanateremka ngazi haraka, wakiwa wamekunja nyuso, tayari kwa kesi. Wanafumba jicho moja moja, wanapima. Gata limenyooka kama mstari wa daftari.

"Limepinda wapi?" shemeji anauliza tena.

Wanapogeuka, mkewe Ngamia amesimama kati yao na ngazi, jagi mkono mmoja, vikombe mkono wa pili. Ngamia ameshaikalia ngazi yenyewe.

"Viwili viwili," anasema dada mtu. "Na asipige mtu vigelegele hapa, nitampiga jagi."

"Dada, huu ni utapeli."

"Ndiyo. Kunywa."

Wanakunywa. Ngamia anayafuata maji yale kwa macho, kutoka jagi hadi kikombe, kutoka kikombe hadi koo, na koo lake linapanda na kushuka pamoja na yao. Haombi. Wanapomaliza anawarudishia ngazi, na kabla hawajapanda anawapa sheria mpya ya kikosi: kila saa, kushuka. Atakayegoma, ataambiwa kazi yake imepinda, mbele ya mteja.

"Mimi ndiye niliyeifanya ile sheria ya zamani ionekane ushujaa," anasema baadaye. "Nani mwingine ataifuta?"

Adhuhuri kipande cha mwisho kinafungwa. Shemeji anamwaga ndoo moja ya maji juu ya paa kwa majaribio. Yanateremka, yanakusanyika, yanakimbia ndani ya gata, na kugonga sakafu ya tangi tupu kwa mlio mzito. Muuguzi na wagonjwa wawili wametoka kusikiliza. Fundi wa mashine anazunguka tangi akilipapasa.

Redio inasema mvua huenda zikachelewa tena. Kliniki zilizo kwenye miji ya jirani nazo hazina magata, na Ngamia ameshaanza kuulizia mabaki ya mabati kwa ajili yao. Lakini kwanza ana ombi moja, na analitoa akiwa ameinua uso kwenye anga lisilo na wingu hata moja.

"Ninachotaka mvua inyeshe Ijumaa," anasema. "Niwe nimelala pale ndani, mashine inazunguka, niisikie inavyojaza tangi. Sitainywa. Nitaisikiliza tu, saa zangu zote nne, mpaka waniambie, baba, umemaliza, amka uende nyumbani."