Bawa la Kindege cha Ezron

Ferista wa Hasamba hakuwa mtu wa michezo. Alilima kahawa na mahindi, akaimba sauti ya pili kanisani, basi. Mumewe Ezron, fundi simu wa Tunduma, aliporudi na kindege cha rimoti alichokinunua ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, Ferista alinuna siku nzima. Mtu mzima na ndevu zake, jamani. Lakini ndoa ni kuvumiliana, na haukupita muda ni yeye aliyekuwa akikimbia nacho Jumapili baada ya ibada, akikirusha kwa mkono, Ezron nyuma yake akiongoza kwa rimoti. Watu walicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Mara ya mwisho kiligonga mti wa kivuli shambani, bawa la kushoto likakatika. Ezron alisema ataliunga kifua kilichokuwa kikimsumbua kikipata nafuu. Kifua hakikupata nafuu, akafa.

Sasa, ukoo ule una ada yake. Msiba ukiisha, vitu vya marehemu hugawiwa ndugu zake, koti kwa huyu, jembe kwa yule. Kitu kibovu hakigawiwi, maana ni kumwaibisha marehemu. Hicho humbakia mjane. Jirani yake Imelda aliliona hilo upesi.

"Dada, kiache hivyo hivyo," alimwambia. "Ukikiunga tu, shemeji yako anakibeba."

Ferista alijua ni kweli. Asajile, kaka mkubwa wa Ezron, alikwisha kukiulizia. Na katika vitu vyote vya marehemu, hicho ndicho pekee alichokitaka Ferista mwenyewe. Lakini kila akifagia chumba alikikuta kimelala ubavu, bawa pembeni, na kilimuuma kuliko kaburi, kwa sababu kaburi angalau lilikuwa limetengenezwa vizuri.

Akaketi akakiunga. Supaglu hakuigusa, iliwahi kuuyeyusha mkia wa sponji, Ezron akagomba kwa Kinyiha mpaka jirani wakasikia. Alipaka gundi ya mbao, akapitisha ndani uti wa mwavuli, akafunga uzi, na gundi ilipokauka akapiga msasa. Kisha akakiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kama mumewe alivyokuwa akifanya. Kililalia kushoto, upande wenye uti. Akabandika kijisumari upande wa kulia kwa selotepu, akakisogeza, akakisogeza tena, mpaka kindege kikatulia.

Siku ya kugawa alikileta mwenyewe, akakiweka mkekani pamoja na vingine. Imelda akaangalia pembeni. Wazee wakamtaja Asajile.

Asajile alikipokea kwa mikono miwili, akalitafuta kovu la bawa kwa kidole. Kisha akaishika rimoti, akaigeuzageuza.

"Shemeji," akauliza kwa sauti ya chini, "hiki kinaongozwaje?"

"Sijui, shemeji. Mimi nilikuwa narusha tu. Kuongoza ilikuwa kazi yake."

Ferista akaomba akirushe mara moja kabla hakijaondoka, na wazee hawakuwa na neno. Wakatoka nje. Ferista akajifunga kitenge vizuri, akakimbia, akakiachia. Mota haikuwashwa. Kindege kiliteleza juu ya mibuni kimenyooka, hakikulalia kushoto wala kulia, kikatua taratibu kwenye maharage.

Akageuka nyuma kwa furaha, kama alivyozoea, amwone mwenye rimoti.

Alikuwa Asajile. Tangu mazishi Ferista hakuwa amelia hata chozi, na watu walikuwa wameanza kumsema. Siku hiyo alilia.