Boneti ya Moto

Fundi aliyeitwa Sikio alikuwa na desturi moja: kabla hajamsalimu mtu, huweka kiganja juu ya boneti. Asubuhi ile alikiweka, akakiondoa, akamgeukia muuza mikate aliyemleta kukagua gari.

"Twende zetu. Hili limeshawashwa."

"Kwani kuna ubaya?"

"Injini baridi ndiyo inayosema kweli. Ikishapata moto, moshi unakatika, kugonga kunanyamaza, nawe unauziwa mbuzi kwenye gunia."

Mwenye gari, mjane mshonaji, alikuwa mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. Maisha yake yote hajamdhulumu mteja hata kipande cha kitambaa, leo anaitwa tapeli uani kwake! Uso ulimwaka.

"Sikuficha kitu, baba."

"Sasa uliliwasha la nini, mama, na naambiwa kuendesha hujui?"

Angejibu nini? Marehemu mumewe alikuwa mwalimu. Kwa miaka ishirini na mbili aliliwasha gari lile saa moja kasoro robo, akaliacha lingurume chini ya dirisha la jikoni huku akimalizia chai. Kisha alitoka mbio, na kila siku ya Mungu alisahau miwani. Mkewe alikuwa akitoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Miwani!" mpaka majirani wakasema hawana haja ya saa. Sasa ni miezi tisa tangu azikwe, na kila asubuhi mjane huwasha gari, akarudi jikoni kunywa chai. Dakika kumi tu, lakini kwa dakika hizo nyumba huwa na mtu. Upweke ulimlemea, na dawa nyingine hakuipata.

Mwisho wa mwezi alikuwa anahamia kwa bintiye, ghorofa ya tatu, hakuna pa kuegesha. Muuza mikate huyu huamka alfajiri. Angeliamsha gari kila siku. Akimkosa, waliobaki ni wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Nimelizoea tu," akasema.

Sikio akakuna kidevu. "Basi tutarudi kesho. Usiliguse, mama. Tulikute baridi."

Kesho yake saa moja kasoro robo ilifika, ikapita. Mara mbili mjane alichukua funguo, mara mbili akazirudisha msumarini. Chai ilipoa bila kuguswa. Alilia kwa sauti, na safari hii hapakuwa na mngurumo wa kumficha.

Saa mbili wakaja. Sikio aliweka kiganja, akaguna kwa kuridhika. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichungulia kama daktari. Akaenda nyuma, akachuchumaa mbele ya bomba la moshi.

"Washa!" akamwambia muuza mikate, aliyekuwa kwenye usukani na funguo mkononi.

Mshonaji alikuwa jikoni akiwatilia wageni chai. Injini ilikohoa mara moja, ikashika, ikanguruma vilevile. Birika likabaki hewani. Kabla hajajua anafanya nini, kichwa chake kilikuwa nje ya dirisha.

"Miwani!"

Muuza mikate akashangaa. "Mama, mimi sivai miwani."

Mjane akajiziba mdomo, macho yamemjaa machozi. Sikio aliinuka polepole. Akatazama dirisha, akatazama kikombe cha chai iliyopoa ukingoni mwake, akaitazama boneti.

"Injini nzima kabisa," akasema. Muuza mikate akapeleka mkono kwenye funguo.

"Usizime," Sikio akamwambia. "Liache lingurume kidogo. Mama hajanywa chai."