Asiguswe Mpaka Mama Yake Afike

Pale Kalemie, wanawake wa ufukweni hawakumwita Bertille kwa jina lake. Walimwita Mama Symphorien, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama desturi inavyotaka. Desturi nzuri, ila haina huruma. Tangu kijana alipoondoka, kila asubuhi watu walimtajia jina lake, tena kwa jambo dogo tu, kuulizia chumvi au kikapu. Bertille aliitika, na kila alipoitika moyo ulimuuma.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo watu wasemavyo. Aliyesema hivyo wa kwanza hakuwa mama. Bertille alimwekea mwanawe lake kila Jumapili: sahani ya bukari, ule ugali wao, na samaki wa mchuzi, akaifunika vizuri. Jioni aliila mwenyewe ikiwa imepoa, maana chakula hakitupwi.

Kazi ya wanawake wale ilikuwa kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, juu ya mchanga. Mvua ikiwakuta nje wanaoza, na jasho la wiki nzima linakwenda bure. Kwa hiyo palikuwa na sheria ambayo hakuna biro ya serikali iliyowahi kuipigia muhuri: wingu likitanda, aliye karibu huzoa ndagala wa yeyote, bila kuuliza. Wenye ugomvi huzoleana, kisha wanarudi kwenye ugomvi wao.

Siku moja ya majira ya mvua, wingu jeusi lilitokea upande wa Moba. Mama Célestine, jirani yao, alikuwa ameenda kuteka maji. Symphorien akapiga magoti, akazoa ndagala wa Célestine kwa mikono miwili, akajaza gunia, akalibeba mbio kuelekea kibandani. Na mvua ile, kwa ukorofi wake, ikageuza njia, ikaenda kunyesha Kabimba. Jua likatoka. Célestine aliporudi alikuta mchanga mtupu, na kijana anakimbia na gunia lake begani.

"Mwizi! Mwizi!"

Neno hilo likishatoka halina breki. Wanaume waliruka kutoka kwenye mitumbwi na makasia mkononi. Bertille alikuwa sokoni, na alipofika kazi ilikuwa imekwisha. Mwanawe alilala chini, mkono wa kulia umevunjika, na wale mashujaa walikuwa wakitawanyika, kila mmoja akijifanya mpita njia.

Mkono ulipona vibaya, ukapinda. Hata kabla haujaacha kuuma, Symphorien alipanda boti ya Papa Apollinaire, mfanyabiashara wa chumvi, kwenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa.

"Mama, haki ya Mungu, huu muchanga siukanyagi tena," alisema. "Siku ingine wataniua, halafu mvua itanyesha kesho yake."

Bertille hakumbembeleza. Lakini alijua kwamba, kama kuna siku mwanawe angerudi, ingekuwa baada ya watu wa ufukwe ule kuacha kupiga. Basi akaanza. Kila kelele za mwizi zilipopigwa, aliacha ndagala wake, akaenda, akaketi mchangani kando ya aliyekamatwa. Kisha akauliza swali moja: "Weye mutoto wa nani?" Akishajibiwa, alimtuma mtu kumwita mama huyo, na kusema kwamba asiguswe mpaka mama yake afike. Aliyekuwa mgeni, asiye na mama mjini, Bertille alimwambia, "Basi leo mama yako ni mimi."

Mwanzoni walimcheka. Wengine walisema majonzi yamemharibu akili. Lakini kumpiga mtu wakati mama mzima amekaa ubavuni pake, amenyoosha miguu kama yuko kwake, si kazi nyepesi. Na mama mwenyewe akishafika, akilia, hasira za watu hupoa. Hapo ndipo maneno yalipopata nafasi: mwizi alirudisha alichochukua, akamfanyia mwenye mali kazi ya kuanika au kuvuta nyavu. Wengine walirudia wizi, tusidanganyane. Wengi waliacha.

Kila Papa Apollinaire alipovuka, Bertille alimpa habari hizo ampelekee Symphorien. Majibu yalikuwa yale yale. Anasalimia. Yuko muzima. Harudi.

Kisha ikaja asubuhi ya taa. Papa Gérard, mkubwa wa kundi moja la wavuvi, aliamka akakuta taa yake ya kuvulia haipo. Bila taa ndagala hawaji, na bila ndagala nyumba kadhaa hazili. Kabla ya adhuhuri waliipata taa kwa Banza, mwana wa Célestine.

Bertille alisikia kelele, akatazama, akamtambua kijana. Akainama tena, akaendelea kugeuza ndagala wake. Roho ilimwambia: wewe kaa, naye aonje. Ilimwambia hivyo wazi kabisa, na yeye aliipenda ile sauti. Mkono wake uligeuza ndagala wale wale waliokwisha kugeuzwa. Kisha akamsikia Banza akilia, sauti ya kitoto ndani ya kifua cha kiume, naye akajiuliza Symphorien alilia vipi, maana hakuwepo kusikia. Akainuka.

Aliketi kando ya Banza. Damu ilikuwa imeanza kumtoka puani.

"Weye mutoto wa nani?"

"Mama Symphorien, huyu unamujua!" Gérard alifoka, kasia juu.

"Ajibu yeye."

"Wa Mama Célestine," Banza akasema.

"Mwende mumwite. Asiguswe mpaka mama yake afike."

"Mama," Gérard akasema, sasa kwa sauti ya chini, "umesahau walivyokufanyia?"

"Sijasahau. Njo maana nimeikala hapa."

Kasia likashuka.

Célestine alikuja akikimbia, kitambaa cha kichwa kimedondoka njiani. Alipoona ni nani ameketi na mwanawe, alijitupa mchangani.

"Niliona wingu," alisema. "Ile siku, Mama Symphorien. Nilishapiga kelele, halafu nikaliona wingu linaenda, nikaelewa alikuwa ananizolea. Lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga. Nikaona haya kuwaambia."

Bertille alilia mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Lakini hakuondoka pale. Banza akapewa kazi ya kusafisha taa za kundi la Gérard, na baadaye akapewa kasia avue nao. Papa Apollinaire alipovuka tena, alikwenda na habari yote, pamoja na lile wingu.

Kiangazi kilipoingia, boti yake ilirudi, ikatia nanga mahali maji yanapomfika mtu kiunoni. Wachukuzi wakaingia majini kupokea chumvi. Kati ya magunia alisimama mwanamume mwenye ndevu, na mkono mmoja haukunyooka.

Hakushuka. Aliutazama mchanga, akautazama tena, na Bertille akaona kwamba anataka na hawezi. Kiapo ni kiapo. Kwa miaka yote ile alikuwa ameota mwanawe akikimbia kupanda ufukwe. Ndoto ile ikafa hapo hapo, naye hakuisubiri izikwe. Hakuna aliyemwapisha yeye. Akaingia majini na kikwembe, kitenge chake cha misa, maji yakamfika magotini, kisha kiunoni.

"Mama, utalowa!"

"Shuka," alisema. "Maji hukuyaapia."

Symphorien akashuka. Walisimama ziwani wamekumbatiana, wachukuzi wakiwapita kushoto na kulia. Bertille hakumwomba apige hata hatua moja kuelekea nyumbani. Chumvi ilipokwisha kushushwa na mashine ya boti ikaanza kunguruma tayari kurudi Kigoma, Bertille bado alikuwa hajamwachia.